KUMTAFUTIA MZEE MAHALI PA KUTUNZWA

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi la Malindi na Kilifi. Imepigwa chapa kwa maombi ya wengi waliokuwapo na wengine waliokuwa kazini siku ile.)



Nimepewa kazi ya kusema juu ya jambo ambalo halimo katika madai yetu ya mishahara, lakini limo majumbani mwetu. Baadhi yetu tunafanya kazi mahotelini Malindi na Watamu, wengine kwenye chumvi ya Gongoni, wengine kwenye katani ya Vipingo. Tunatoka alfajiri na kurudi usiku, na nyuma tumemwacha baba au mama ambaye nguvu zimemwisha. Zamani boma lilikuwa na watu wengi, na mzee hakukosa wa kumpa maji. Siku hizi watoto wako shuleni, mke naye ana kazi yake, na ndugu wako Mombasa au Uarabuni. Basi swali ni hili: ikiwa ni lazima mzee atunzwe na watu wengine, tutajuaje kwamba watu hao ni wema na mahali pao ni pazuri?

Kwanza tujue haki ya mzee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema kwamba wazee waishi kwa heshima, wasidhulumiwe, na wapate matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali pia. Tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii umewafungulia mlango wazee wote waliotimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni kidogo, hazitoshi hata chakula cha mwezi, lakini ni mali ya mzee mwenyewe. Mtu yeyote atakayekuambia, "Niachie kitambulisho chake na fedha zake, mimi nitajua la kufanya," muulize ataandika wapi.

Pili, tusichanganye majina. Hapa kwetu mtu akisema "nasingi homu" maana yake ni hospitali ndogo ya mtu binafsi, yenye vitanda vichache. Hapo mgonjwa hulazwa, akapona, akarudi kwake. Nyumba ya wazee ni kitu kingine: mzee hukaa pale, pengine mpaka mwisho wa maisha yake. Bima nayo ina mipaka yake. NHIF iliyoanza mwaka 1966 haipo tena. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake imeshikwa na SHA, na fedha zake ni za matibabu. Usidhani italipa kodi ya kitanda cha kukaa.

Nyumba za wazee pwani ni chache. Mombasa, mtaa wa Tudor, iko nyumba moja. Unguja, Serikali ina makao ya wazee Sebleni na Welezo. Huku kwetu Kilifi tunayo Kaya Godoma, katika Ganze, na sababu ya kuwapo kwake ni ya kusikitisha. Pale chama cha utamaduni cha Malindi kimewapa hifadhi wazee waliokimbia makwao kwa kuitwa wachawi. Ndugu zangu, jambo hili tunalijua wote. Katika Ganze, Magarini na Kaloleni wazee wameuawa kwa panga, na mara nyingi nyuma ya neno "mchawi" pana shamba ambalo kijana anataka kulirithi mapema.

Nalitaja hapa kwa sababu linahusu matunzo. Uko ugonjwa wa uzeeni wa kupotewa na kumbukumbu. Hospitalini wanauita dimensia. Mzee mwenye ugonjwa huu huamka usiku, akatoka, akapotea njia, akakutwa uani kwa jirani hana nguo, wala hajui amefikaje. Asiyejua husema ameshikwa akiwanga. Basi mzee wa namna hii akikosa mtu wa kumtazama usiku, yumo katika hatari ya kuuawa. Mpelekeni hospitali apimwe, kisha mwambieni mzee wa mtaa na majirani, mapema, kwamba huyu ni mgonjwa. Mvi si uchawi, na macho mekundu ni moshi wa kuni wa miaka sitini.

Sasa nije kwenye kuchagua. Katika mji mdogo huna nyumba kumi za kulinganisha. Pengine ni moja, au ni mama mmoja aliyegeuza nyumba yake akapokea wazee wanne. Uchache huo usikufanye ukafumba macho. Nenda mwenyewe, tena nenda mara mbili: mara ya kwanza kwa ahadi, mara ya pili bila kubisha hodi kwa simu. Saa nzuri ya kwenda ni wakati wa chakula cha mchana, na nyingine ni jioni, taa zinapowashwa.

Ukifika, anza na pua yako. Harufu ya mkojo asubuhi chumbani kwa mtu mmoja ni jambo la kawaida. Harufu ya mkojo nyumba nzima, saa nane mchana, ni kwamba hakuna anayebadilisha mashuka. Kisha tazama maji. Sisi tunatumia maji ya Baricho, na tunajua yanavyokatika. Je, wana tangi? Mzee hasikii kiu kama kijana, na joto letu la Februari humkausha bila yeye kujua. Tazama kama kila mmoja ana kikombe karibu na mkono wake, na kama yuko mtu wa kumnywesha asiyeweza kukishika.

Tazama chakula. Mzee asiye na meno akiwekewa sima ngumu na samaki mwenye miiba, ataonekana amepewa chakula, na njaa itamuua. Tazama choo: je, pana kitu cha kushikilia, na sakafu haitelezi? Mzee akivunjika nyonga huenda asisimame tena. Uliza juu ya asiyeweza kugeuka kitandani. Huyo yapasa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, au atatoka vidonda mgongoni na visiginoni. Usiulize tu, "Mnawageuza?" Kila mtu atajibu ndiyo. Uliza, "Nani alimgeuza jana saa nane usiku, na imeandikwa wapi?" Uliza pia dawa za sukari na presha zinawekwa wapi, na kama kila chupa ina jina la mwenyewe. Ukiona mtu amefungwa kamba kitandani au amefungiwa chumbani mchana kutwa, usitake maelezo. Rudi na mzee wako nyumbani.

Zungumza na wazee wenyewe mbali kidogo na mwenye nyumba. Mama aliyezeeka huko Marafa akijua Kigiriama tu, akiwekwa mahali ambapo hakuna anayekijua, atanyamaza mpaka asahau kusema. Mwislamu aulizie kichinjo, maji ya kutawadha na mahali pa kuswali. Mkristo aulizie kama atapelekwa kanisani Jumapili. Na pande zote mbili ziulize: akifa, nani atapewa habari, na kwa muda gani?

Kisha karatasi. Kama ni nasingi homu, cheti cha baraza la madaktari kinapasa kuwako, na ni haki yako kukiona. Kama ni nyumba ya wazee, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo kama wanaijua. Muulize Bwana Afya kama amewahi kuikagua, na kama wapishi wamepimwa. Malipo nayo yaandikwe: ni kiasi gani, ndani yake mna nini, na ni nini kitaongezwa baadaye, kama nepi, dawa na gari la hospitali. Watu wengi wamekubali bei ndogo wakakuta mwisho wa mwezi imekuwa mara mbili.

Nimebakiza jambo moja, nalo sisi wa chama tunaweza kuliona kuliko wengine. Waulize wafanyakazi. Usiku wako wangapi, kwa wazee wangapi? Mtu mmoja kwa wazee ishirini hawezi kuwageuza, hata awe na moyo wa malaika. Wanalipwa kwa wakati? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Je, wanazipata? Wamekaa hapo muda gani? Nyumba inayobadilisha yaya kila mwezi ina siri, na mzee wako ataoshwa na mgeni kila mwezi. Mikono iliyochoka haina upole. Wenzetu wanaowatunza wazee wa Kitaliano katika nyumba za Malindi na Watamu wanaijua kazi hii vizuri, waulizeni, watawaeleza.

Na neno hili linaturudia sisi wenyewe. Wako wanachama ambao wameweka msichana nyumbani amtunze mama, kwa kula na kulala na shilingi za sabuni. Hatuwezi kudai haki hotelini mchana, na usiku tukamnyima msichana huyo siku yake ya kupumzika. Mlipe ipasavyo, na umfundishe kazi, ndipo mama atakapokuwa salama.

Mtu akiniuliza, "Je, nichague nyumba nzuri ya mbali au ya kadiri iliyo karibu?" Kutoka Malindi mpaka Mombasa ni kama kilomita 120, na nauli tunaijua. Ikiwa ya karibu haina ubaya mkubwa, chagua hiyo, kisha uende kila juma, siku tofauti tofauti. Mzee anayetembelewa hutunzwa vizuri zaidi, kwa kuwa mwenye nyumba anajua yuko mtu atakayeuliza.

Mwisho, natoa shauri mbele ya mkutano huu. Katika mji mdogo hakuna orodha ya nyumba hizi, ila tunayo masikio. Tawi liweke daftari moja ofisini. Kila mwanachama aliyetembelea mahali pa kutunza wazee aandike: tarehe aliyokwenda, aliyoyaona kwa macho yake, idadi ya wafanyakazi wa usiku, na bei aliyoambiwa. Uvumi usiandikwe, maana katika mji mdogo uvumi huvunja nyumba njema na kuificha mbaya. Na atakayetafuta mahali aanze kwa kulisoma daftari hilo kabla ya kutoa hata senti moja.

Namwomba Ndugu Mwenyekiti aliweke shauri hili mbele yenu, mlipigie kura leo.

Umoja ni nguvu.