Siri ya Mtoto na Maombi ya Jumuiya

(Hotuba iliyotolewa na wafanyakazi wa huduma za jamii katika semina ya wazazi, ukumbi wa parokia)



Baba Paroko, makatekista, akina mama wa CWA, wazazi wote mliofika, tunawashukuru kwa kuacha shamba na soko mkaja kutusikiliza. Tumeombwa tueleze kazi ya mwanasaikolojia anayekuja hapa parokiani Alhamisi mbili kila mwezi, maana maneno ni mengi. Wengine wanasema ni daktari wa wendawazimu. Wengine wanasema anawafundisha watoto kuwashitaki wazazi wao.

Kwanza, yeye si daktari. Hadungi sindano wala haandiki dawa. Akiona mtoto anahitaji dawa, humtuma kwa daktari wa magonjwa ya akili hospitalini. Yeye amesomea jinsi mtu anavyofikiri, anavyohisi na anavyokua, na kazi yake ni mazungumzo na mpango wa kufuatwa wiki kwa wiki. Tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia inayotaka mtu aandikishwe. Kwa hiyo msione haya kumwuliza yeyote anayejiita hivyo, "Umeandikishwa?"

Tuanze na wadogo. Mtoto wa miaka sita hawezi kuketi akakwambia, "Nina huzuni kwa sababu baba alifariki." Yeye atakojoa kitandani ilhali alikuwa ameshaacha. Ataumwa na tumbo kila Jumatatu asubuhi, na dispensari hawaoni ugonjwa. Ndiyo sababu mkichungulia pale mnaona karatasi, rangi na udongo sakafuni, mkasema, "Kumbe anacheza nao tu!" Ni kweli wanacheza, kwa sababu mtoto husema kwa mchezo yale asiyo na maneno yake. Akichora watu wanne ndani ya nyumba na yeye mwenyewe akajiweka nje ya mlango, mwanasaikolojia hakimbilii kutoa maana. Humwuliza, "Huyu aliye nje anafanya nini?" Kisha anangoja. Kungoja huko, jamani, ndiko kunakotushinda sisi wengine.

Sasa tuje kwa vijana wa sekondari. Kwa hawa jambo kubwa ni siri, na hapa itabidi tuseme kosa letu wenyewe.

Mwaka 2018 msichana wa kidato cha pili alikuja ofisini kwetu. Alikuwa hodari darasani, kisha akaporomoka. Alikuja mara tatu bila kusema lolote la maana. Mara ya nne akatuambia kwamba halali usiku, anasikiliza kama baba anarudi amelewa, na kwamba saa zingine anatamani asiamke tena. Tuliogopa sana. Bila kumwambia yeye kitu, tulimwita mama yake tukamweleza yote, neno kwa neno. Mama naye, kwa uchungu na kwa nia njema, akaliweka jambo hilo katika maombi ya jumuiya ndogo ndogo, na jina akalitaja. Kufikia Jumapili kijiji kizima kilikuwa kinajua. Tangu hapo msichana yule akituona barabarani alikuwa anavuka upande wa pili.

Mwanasaikolojia alipotusikia hakutugombeza, na wala hakusema kwamba ilitupasa kunyamaza. Siri ya kitubio padre haitoi kamwe. Siri ya mwanasaikolojia ina mipaka: mtoto akiwa katika hatari ya kujiua, au kukiwa na mtu anayemdhulumu, wale wa kumlinda lazima waambiwe. Lakini mipaka hiyo humweleza mtoto siku ya kwanza, kabla hajafungua kinywa. Hatari ikionekana humwambia, "Hili siwezi kubaki nalo peke yangu. Tutamwambia mama pamoja. Ungependa nianzie wapi?" Mama ataelezwa hatari iliyopo na la kufanya: asimwache mtoto peke yake, na dawa za shamba na za mifugo azifungie kwa kufuli. Mengine yote yatabaki pale chumbani.

Kuna jambo lingine alilotufundisha. Wengi wetu tunadhani ukimwuliza kijana, "Je, umewahi kufikiria kujiua?" utakuwa umemfundisha. Sivyo. Ukimwuliza waziwazi kwa upole, aghalabu hupata nafuu kwa kuwa hatimaye mtu ameuliza. Zamani familia zilificha pia kwa kuogopa polisi, maana kujaribu kujiua kulikuwa ni kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakwenda kinyume cha Katiba. Basi msimfiche mtoto nyumbani kwa hofu hiyo.

Na vijana waliomaliza shule, wa miaka ishirini na kitu, hao hujileta wenyewe, kwa kawaida jioni, wakisema wamekuja kuuliza habari za kazi. Kazi ni shida kweli, lakini mara nyingi nyuma yake kuna deni la kamari, au pombe, au kuachwa. Mkiwaona pale msiwaulize wamefuata nini.

Wiki jana mzee mmoja alituuliza, "Kwa hiyo mwanangu atamwambia mgeni mambo ambayo mimi baba yake sitayajua?" Ndiyo, mzee, mengine hutayajua. Lakini ukiitwa, njoo. Akina baba wanaokuja ni wachache mno, na mama peke yake hawezi kubadilisha nyumba.

Yule msichana alirudi baada ya mwaka na zaidi. Kabla ya kuketi alituuliza, "Leo mtamwambia nani?" Tukamweleza mipaka, ile tuliyopaswa kumweleza mwanzoni. Alifikiri kidogo, kisha akafunga mlango, akaketi.

Chumba tumekihamisha kutoka ofisi ya hesabu, ambako kila mtu alisikia, hadi kile kilicho nyuma ya sakristia. Anayetaka nafasi amwone sista wa dispensari. Si lazima aseme sababu. Mtoto akiwa hatarini siku isiyo Alhamisi, msingoje: pigeni 116, simu ya kuwasaidia watoto. Haitozwi pesa, usiku na mchana.