Mahali Pembamba pa Kiwanda Chetu



Katika kuadhimisha miaka kumi ya umoja wetu, tumeombwa tuseme machache juu ya kiwanda cha kumenya kahawa. Kila msimu twasikia ombi lile lile: tununue mashine kubwa zaidi. Nasi twauliza: je, ni kweli kwamba kahawa yetu hukwama mashineni?

Sote twaujua mfereji. Hata ukipanuliwa kwenye chanzo, maji yafikayo shambani hayazidi yale yapitayo mahali pake pembamba. Kiwanda nacho ni vivyo hivyo. Kahawa humenywa, huvundikwa, huoshwa, kisha huanikwa vichanjani. Kumenya ni kazi ya saa chache. Kukauka huchukua siku 10 hadi 15, kwa kadiri ya jua. Tuseme mashine yamenya tani 4 za kahawa mbivu kwa siku, na vichanja vyatosha kahawa ya tani 3 tu. Tukileta mashine ya tani 8, vichanja vitapokea zile zile 3. Inayobaki itasongamana, itachachuka kupita kiasi na kushuka daraja, na hasara itamrudia mkulima aliyechuma kwa uangalifu.

Basi yatupasa nini? Kwanza, vichanja visikae vitupu, wala visizuiwe na kahawa iliyokwisha kukauka: unyevu upimwe kila siku, na ufikapo asilimia 11 kahawa iondolewe. Pili, matunda mabichi na mabovu yachambuliwe kabla ya kumenywa, yasichukue nafasi ya mema. Tatu, vijiji vichume kwa zamu, ili kahawa imenywe siku ile ile ichumwapo. Baada ya hayo, ndipo fedha zitumike kununua nguzo na wavu wa vichanja vipya.

Eliyahu Goldratt, katika kitabu chake The Goal cha mwaka 1984, alifundisha kwamba saa ipoteayo mahali pembamba imepotea kwa kiwanda kizima. Nasi tukumbuke kwamba mahali hapo pakisha kupanuliwa, wembamba utahamia kwingine, pengine kwenye maji, pengine ghalani. Tusiache kutazama.

Ndugu zetu, mashine mpya hupendeza macho siku ya sherehe. Kichanja hakina fahari. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.