Runinga Kubwa na Haki za Nyumba

(Nasaha iliyotolewa kwa waumini baada ya Sala ya Isha, Morogoro mjini)

Bismillahir Rahmanir Rahiim. Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Mada ya leo ni chombo ambacho wengi wetu tunacho, au tunakitamani: runinga kubwa ya kisasa, ile bapa ya inchi 55 na zaidi, yenye picha angavu. Zamani kitu cha namna hii kilikuwa cha matajiri. Leo utakikuta Kihonda, Mwembesongo na Kichangani, katika nyumba ya mwalimu, ya fundi na ya muuza mboga. Hata huko juu Kinole na Matombo, msimu wa mazao ukiwa mzuri, hutelemka mtu na fedha zake mpaka madukani mjini, akapanda tena mlima na boksi refu limefungwa juu ya gari.

Swali letu si kama runinga ni halali au haramu. Swali ni hili: mwenye kipato cha kawaida anapoileta nyumbani kwake, ni haki ya nani imelipwa kwanza, na ni ya nani imerukwa?

Chombo si adui

Tuanze kwa uadilifu. Wenzetu wa Zanzibar walianza kuona televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970. Huku Tanzania Bara tulikaa bila kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994, kwa kuwa serikali kwa muda mrefu iliiona televisheni kuwa ni anasa ambayo nchi maskini haikuwa tayari kuibeba. Kwa hiyo miongoni mwetu humu wapo watu wazima waliolelewa bila runinga kabisa. Watu hao hao walikuja kununua runinga za chogo, wakabadilishiwa mitambo kutoka analojia kwenda dijitali, zoezi lililoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wakanunua ving'amuzi, na leo wanatazama kioo kipana kuliko mlango wa nyumba walizozaliwa.

Katika mwendo huo mmekuwa na manufaa. Mgonjwa asiyeweza kutoka huona Hijja ikiendelea Makka. Mkulima hupata utabiri wa mvua. Mzazi mwenye vijana wapenda mpira huona afadhali watazame sebuleni, mbele ya macho yake, kuliko kujazana katika vibanda umiza mpaka usiku wa manane, mahali ambapo hajui wanakaa na nani. Hoja hiyo ina uzito, wala si haki kuibeza. Nao msukumo utaongezeka, kwani mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na wafanyabiashara hawalali.

Hivyo basi, asitoke mtu hapa akaenda kuvunja runinga ya nyumbani kwake. Tunachotaka ni mizani.

Tunanunua nini hasa?

Muumini hanunui kwa kufumba macho. Inchi 55 ni kipimo cha kioo kutoka pembe hadi pembe, yaani takriban sentimita 140. Upana wake ni kiasi cha sentimita 122 na kimo sentimita 68. Eneo lake ni karibu mara tatu ya kioo cha inchi 32.

Picha hutengenezwa na nukta ndogo ndogo za mwanga. Matangazo ya ubora wa zamani yana nukta 720 kwa 576, jumla yake kama laki nne. Picha ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa 1,080, zaidi ya milioni mbili. Ile inayoitwa 4K ina mara nne ya hizo. Sasa, ikiwa king'amuzi chako kinapokea matangazo ya ubora wa kawaida, kioo kikubwa hakiwezi kuzalisha nukta ambazo hazikutumwa. Kinazitandaza zile zile chache juu ya eneo kubwa, na picha huonekana kama imepakwa ukungu. Mtu amelipia HD, anatazama ubora wa runinga ya chogo.

Aidha, jicho nalo lina mpaka. Mwenye macho mazuri akikaa umbali wa mita 3 hawezi kutenganisha nukta zilizo ndogo kuliko kiasi cha milimita 0.9. Katika kioo cha inchi 55 chenye HD kamili, kila nukta ina upana wa milimita 0.63. Maana yake, kwa anayekaa mita 3, HD yenyewe imekwisha kupita uwezo wa jicho, na nyongeza ya 4K ameilipia bila kuiona. Basi ni nani anayeiona? Anaiona jirani, anaiona mgeni, analiona shemeji lile neno lililoandikwa kwenye boksi. Ndugu zangu, hapo tumekwisha toka katika haja, tumeingia katika kujifakharisha.

Gharama isiyoandikwa dukani

Bei ya dukani hulipwa mara moja, umeme hulipwa kila mwezi. Runinga ya inchi 55 hutumia kiasi cha wati 110. Ikiwashwa saa 6 kwa siku, kwa mwezi ni karibu uniti 20. Ya inchi 32, yenye wati 45 hivi, kwa saa hizo hizo hutumia uniti 8.

Katika bei za umeme zilizopitishwa mwaka 2016, mteja mdogo wa LUKU aliwekewa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Tuchukue nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 65. Kwa hesabu hiyo ilikuwa ikilipa shilingi 6,500. Ikiongeza uniti 20 za runinga inafika 85, na malipo yanakuwa shilingi 11,000. Na ikitolewa katika kundi la wateja wadogo, ikapelekwa kwenye bei ya kawaida ya shilingi 292, uniti hizo 85 zinagharimu shilingi 24,820. Sisi wa Morogoro tuna bwawa la Kidatu ndani ya mkoa wetu, lakini maji kupita mlangoni kwako hakukuondolei kulipia umeme.

Kwa ndugu zetu wa milimani wanaotumia sola, jambo ni zito zaidi. Betri moja ya kawaida ya volti 12 na ampea 100 hubeba kiasi cha wati-saa 1,200, na isipotumiwa kwa uangalifu, yaani kiasi cha nusu tu kila usiku, hufa mapema. Nusu hiyo ni wati-saa 600. Runinga ya wati 110 kwa saa 5 inakula 550. Taa ya wati 5 kwa saa hizo hizo inakula 25 tu. Maana yake ni kwamba usiku mmoja wa kioo kikubwa ni sawa na usiku wa taa 22. Mtoto wa darasa la saba, mwenye mtihani mbele yake, akikosa mwanga wa kusomea kwa sababu betri imemalizwa na tamthilia, je, tutasema kuwa sola ndiyo mbovu?

Haki ya anayedai

Wengi wa kipato cha kawaida hawanunui kwa fedha taslimu. Hukopa. Na miaka hii imezuka mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina linalotosha kuwa onyo: kausha damu. Tuseme mtu amekopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kwa miezi 6 riba peke yake ni shilingi 1,200,000. Amelipa runinga mbili na zaidi, naye ukutani anayo moja. Wakija kumdai, cha kwanza wanachobeba ni runinga hiyo hiyo, na watoto wanaangalia.

Riba ni haramu, na hilo halina mjadala kwetu. Lakini hata deni lisilo na riba si jambo dogo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu madeni na kuyaandika. Na imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.), likiletwa jeneza, alikuwa akiuliza kama marehemu ameacha deni. Tazama basi: mtu ana deni la karo, ana deni la duka la mtaani, mwenye nyumba hajalipwa miezi miwili, naye anakopa tena kwa ajili ya kioo. Akifariki usiku huo, ndugu zake watasimama mbele ya jeneza na kuuliza nani anamdai. Orodha itakuwa ndefu, na juu kabisa kutakuwa na runinga.

Haki ya mke na ya ukoo

Lipo jambo linalotuhusu sisi wa Uluguru mahsusi. Kwa mila ya Waluguru ardhi nyingi hupitia upande wa mama. Mwanamume aghalabu analima shamba lililotoka katika ukoo wa mkewe: ndizi, karafuu, pilipili manga, mdalasini, au mboga za Mgeta. Leo sizungumzii mirathi, ina darsa yake. Nasema tu kwamba anayevuna katika ardhi ya ukoo wa mkewe, kisha akachukua fedha za msimu mzima na kushuka nazo mjini bila kumshauri mkewe, amefanya dhuluma, hata kama alichokirudisha nyumbani kinamfurahisha kila mtu kwa wiki ya kwanza. Wiki ya pili mke ataulizwa mbegu, ataulizwa sare za shule, ataulizwa bima ya matibabu. Hana jibu ila kuonyesha ukutani.

Vivyo hivyo kwa akina mama. Yupo anayemsukuma mumewe kila siku kwa kumlinganisha na jirani, mpaka mume akatafute mkopo kwa siri. Hiyo nayo ni dhuluma. Mashauriano ni ya wote wawili, na yafanyike kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Saa moja ya jioni

Haki ya mwisho ni ya watoto. Baina ya Magharibi na Isha ni takriban saa moja na robo. Muda huo wazee wetu waliutumia kwa chuo cha Qur'ani, kwa kusikiliza watoto, kwa kuulizana habari za mchana. Leo ni muda wa tamthilia zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na baada yake inafuata taarifa ya habari ya saa mbili. Runinga ndogo ilikuwa ikikaa pembeni, mtu akiitazama na huku akizungumza. Hii kubwa inatawala chumba. Viti vyote vimegeuzwa kuielekea, na baba na mwana wanaweza kukaa bega kwa bega mwaka mzima bila kuonana uso.

Nini kifanyike?

Kwanza, asinunue mwenye deni linalodaiwa. Alipe, kisha afikirie.

Pili, inunuliwe kwa akiba. Anayeweka shilingi 50,000 kila mwezi ana laki sita kwa mwaka, na katika mwaka huo atakuwa amekwisha jua kama kweli anaihitaji.

Tatu, apime ukubwa kwa chumba chake, wala asipime kwa ukuta wa jirani. Kwa sebule nyingi za nyumba zetu, inchi 32 au 43 inatosha. Anunue pamoja nayo kifaa cha kulinda umeme, kwani umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo ndio unaoua vyombo.

Nne, mume na mke wakubaliane saa za kuzima, na Magharibi mpaka Isha iwe ya kwanza katika saa hizo. Anayeweka sheria aanze yeye kuitii, hata kama Simba na Yanga wako uwanjani.

Tano, mwenye uwezo na asiye na deni, aliyeinunua kwa halali, asilaumiwe wala asihusudiwe. Ila akumbuke kuwa mtoto wa jirani anayechungulia dirishani ana haki ya kukaribishwa ndani.

Ndugu zangu, dini yetu imekataza israfu na imekataza ubakhili, na baina ya hayo mawili kuna njia pana ya kutosha nyumba nzima. Siku ya hesabu tutaulizwa mali tuliichuma vipi na tuliitumia katika nini. Hatutaulizwa kioo kilikuwa cha inchi ngapi.

Twamuomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake, atulipie madeni yetu, azijaalie nyumba zetu kuwa na utulivu na watoto wetu kuwa kituliza macho chetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.