Kwa Nini Gari Lilichelewa?



Huku Tarime na Serengeti, shule zikifungwa Desemba, hofu ya ukeketaji hupanda. Zamani taarifa ilikuwa ikifika kwamba binti yuko hatarini, lakini gari la kumwokoa likichelewa. Jibu jepesi ni kununua gari jingine. Sakichi Toyoda wa Japani aliwazoesha watu wake kuuliza “kwa nini” mara tano, nasi tuulize. Kwa nini gari lilichelewa? Dereva alipotea. Kwa nini? Kijiji hakikuwa kwenye ramani. Kwa nini? Hakuna aliyekichora.

Mradi wa Crowd2Map ulianza kuziba pengo hilo mwaka 2015. Watu wa kujitolea duniani wakachora nyumba na barabara kwa kufuata picha za setilaiti, wenyeji wakajaza majina ya vitongoji kwa simu zao. Shirika la Hope for Girls and Women la Rhobi Samwelly, lenye nyumba salama ya wasichana wanaokimbia ukeketaji huko Mugumu, Serengeti, linazitumia ramani hizo.

Ila tusiishie hapo. Kwa nini binti akimbie kwao? Ng'ombe wa mahari, shinikizo la wazee, malipo ya ngariba: ramani haigusi hata kimoja. Na anayetoa taarifa, kwa nini aandike jina la binti kwenye simu? Simu ikiibwa, nani atalisoma? Kama jina si la lazima, lisiandikwe kabisa.

Kumkeketa aliye chini ya miaka 18 ni jinai tangu 1998. Ukisikia tetesi, nenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.