Tulipe Tungali Wazima

Ndugu wanakisomo,

Mfanyakazi wa mjini mwenye bima hukatwa fedha za matibabu kidogo kidogo kila mwezi. Akiugua, anatoa kadi. Sisi wakulima hatuna mshahara. Fedha tunazipata wakati wa mavuno, lakini malaria huja masika, ghala tupu. Ndipo mtu anauza mbuzi kwa bei ya kutupa!

Wenzetu wa Igunga walianza Mfuko wa Afya ya Jamii mwaka 1996. Kaya ililipa mara moja, ikatibiwa mwaka mzima.

Basi, ukiuza mazao, tenga kwanza fedha za bima. Ukipewa kadi, isome mwenyewe: je, majina ya watoto wote yamo? Kusoma unajua.