Maana ya "Ana kwa Ana" katika Habari za Vita



Mara nyingi huandikwa kwamba askari "walipigana ana kwa ana", hata pale ambapo adui hakuonekana ila moshi wa bunduki yake. Habari za vita husomwa na wazazi na wajane, nao wana haki kuambiwa sawasawa jinsi mtu wao alivyopigana.

Ana kwa ana ni uso kwa uso. Katika mapigano, maana yake ni kwamba watu wamekaribiana hata mmoja aweza kumfikia mwenziwe kwa mkono, kwa sime, kwa singe, au kwa bastola iliyoelekezwa kifuani. Wako wasemao "mkono kwa mkono". Yaeleweka, lakini sokoni hayo ni malipo ya papo hapo, na mimi siyapendi vitani. Ama "bega kwa bega" ni kinyume kabisa: mwandishi asemaye kwamba askari wetu walipigana bega kwa bega na adui, amekwisha kuwageuza wasaliti!

Wala ukaribu peke yake hautoshi. Kule Kohima, mashariki ya India, mwaka 1944, mahali pamoja Wajapani na majeshi ya Uingereza na India walitengwa na uwanja wa tenisi tu, wakitupiana mabomu ya mkono kutoka mahandakini. Hayo yalikuwa mapigano ya karibu mno. Lakini yalikuwa ya ana kwa ana pale tu mtu alipoingia katika handaki la adui yake.

Sasa mtazameni Sajini Nigel Gray Leakey wa K.A.R., mtu wa Kenya. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito katika Uhabeshi, vifaru vya Waitalia vilitoka kichakani vikawajia askari wetu kwa nyuma. Leakey alikuwa amekwisha makombora ya mzinga wake mdogo. Akarukia juu ya kifaru kimoja, akakifungua kifuniko chake kwa nguvu, akawapiga kwa bastola waliokuwamo, isipokuwa dereva, ambaye alimlazimisha kukiendesha hadi mafichoni. Alipoona mzinga wa kifaru hicho haumfai, alishuka akavifuata vingine kwa miguu. Akapanda kingine, akakifungua, akamwua mtu mmoja ndani yake.

Hayo ndiyo mapigano ya ana kwa ana. Lakini kifo chake hakikuwa cha namna hiyo: kifaru kingine kilimpiga kwa bunduki ya mtombo akiwa pale juu. Mwandishi mwaminifu hutenga mambo hayo mawili.

Nishani ya Victoria Cross ilitangazwa mwaka 1945. Tangazo lenyewe lasema kwamba katika kuvinyemelea vile vifaru Leakey alifuatana na sajini-meja Mwafrika na askari wengine wawili. Watu hao watatu walikwenda kwa miguu kuvikabili vifaru kama yeye, na majina yao hayakuandikwa humo.