Nyasi Nazo ni Zao
(Maneno ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano wa Mwaka, Eldoret)



Kazi yangu katika chama ni kuandika na kuhesabu. Basi nitasema juu ya jambo lionekanalo katika vitabu vyetu. Maombi ya mikopo huja kwa wingi kati ya Januari na Machi. Ndiyo miezi ya karo, na ndiyo miezi ambayo maziwa hupungua kwa kukosa malisho. Mwenye ng'ombe wawili humwuza mmoja kwa hasara ili amnunulie wa pili majani. Mvua ikirudi, hana fedha za kununua mwingine. Hivyo umaskini huingia nyumbani kwa mlango wa zizi.

Sisi wa Uasin Gishu twajivunia mahindi na ngano. Twalima, twapalilia, twaweka akiba ghalani. Lakini nyasi twaziacha ziote zenyewe, na kiangazi kikifika, akina mama huzunguka kando ya barabara na mundu wakitafuta majani. Ukame ulioanza mwaka 2020 hata 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2 katika Kenya, hasa upande wa kaskazini na mashariki. Neno langu leo ni moja: nyasi nazo ni zao, na zipandwe kama zao.

Nyasi ninazozipendekeza ni za Rhodes, hasa aina iitwayo Boma. Jina latokana na Cecil Rhodes, aliyezipanda shambani kwake karibu na Cape Town mwaka 1895. Lakini nyasi zenyewe ni za Afrika, na zilikuwapo kabla yake. Zikipandwa mara moja hukaa miaka kadhaa. Mizizi yake huweza kushuka kupita mita 2 kutafuta maji, na matawi yake hutambaa juu ya udongo na kuufunika usichukuliwe na mvua. Hata hivyo hazimei jangwani: zafaa mahali panapopata mvua ya milimita 600 au zaidi kwa mwaka, nasi huku twapata zaidi ya hiyo. Wenye mashamba katika nchi kavu ya bondeni watazame Baringo, ambako tangu mwaka 1982 ardhi iliyokuwa tupu imezungushiwa ua na kupandwa nyasi nyingine za kienyeji zinazovumilia ukame zaidi.

Sasa juu ya kupanda. Chagua mahali penye jua, maana kivuli hazikipendi. Lima mara mbili, kisha vunja madongoa mpaka udongo uwe laini, kwa kuwa mbegu ni ndogo na nyepesi kama manyoya. Mbegu iliyovunwa karibuni haioti vizuri. Yataka kukaa miezi kadhaa kwanza. Mvua ya Machi au Aprili ikianza, chukua kadiri ya kilo 5 kwa ekari, changanya na mchanga mkavu upepo usizipeperushe, kisha zimwage katika mistari. Usizifukie kwa kina. Buruta tawi lenye majani juu yake, yatosha. Asiye na fedha za mbegu na achimbue mashina ya jirani yake, ayagawanye, ayapande mvua inyeshapo. Palilia vema miezi ya kwanza, wala usiingize ng'ombe kabla mizizi haijashika.

Kukata kuna wakati wake. Majani machanga sana huweza kuwa na protini sehemu 17 katika 100. Yaliyozeeka hushuka hata sehemu 3. Basi kata zinapoanza kutoa maua, siku za jua. Anika, geuza, kisha funga marobota kwa sanduku la mbao na uyaweke chini ya paa. Robota lililofungwa na unyevu huota ukungu.

Nanyi mniwie radhi kwa hesabu. Ng'ombe wa kilo 400 hula kadiri ya kilo 10 za majani makavu kwa siku. Siku 100 za kiangazi ni kilo 1,000. Marobota ya kilo 15 yatakuwa 67. Kwa ng'ombe wawili, 134. Kila mwanachama na ajihesabie kabla ya Desemba, si baada ya ng'ombe kudhoofika.

Najua mtu atasema: mahindi ndiyo chakula, shamba halitoshi. Ni kweli, wala siombi mtu ang'oe mahindi yake. Naomba nusu ekari, hata robo. Isitoshe, kipande kilichochoka kwa mahindi ya kila mwaka hupata nafuu kikikaa chini ya nyasi miaka michache.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naweka mbele ya mkutano maombi mawili. La kwanza, chama kinunue mbegu kwa pamoja kabla ya Machi, kila mtu alipe polepole, na wajane watangulie kupewa. La pili, tutengeneze masanduku mawili ya kufungia marobota, yatumiwe kwa zamu. Gharama yake ni ndogo kuliko mikopo tuitoayo kila kiangazi ili kununua majani ya watu wengine.

Wazee walisema akiba haiozi. Na tuiweke akiba hiyo mvua ingalipo.